Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyeshinda Safari kwa breki za dramu

Makorora haikosi ubishi. Ukiisha ule wa Coastal Union na African Sports, unaanza wa magari.

Jumatatu jioni niliukuta huo wa pili kwenye gereji moja ya mtaani, chini ya mwarobaini. Kijana mmoja kaipandisha Starlet yake kwenye jeki, magurudumu ya nyuma yako chini, dramu zote mbili ziko wazi. Pembeni, juu ya gunia, kuna mzigo alioununua: diski mbili, kalipa mbili na hab zake, vyote vimetoka kwenye gari jingine lililokatwa vipande. Anataka dramu zitoke, diski ziingie, na kazi iishe kabla ya Jumamosi. Jumamosi anampeleka mama yake Lushoto, na ile barabara ya kushuka Mombo kila mtu wa mkoa huu anaijua. Kijana hataki mchezo na breki, na kwa hilo simlaumu.

Fundi, mzee wa makamo, kagoma. Vijana wakamcheka, wakamwona kapitwa na wakati, dunia nzima iko kwenye diski yeye bado ameng'ang'ania dramu. Mzee hakujibu mengi. Akataja jina moja tu: Joginder Singh. Nusu ya waliokuwepo pale wakatazamana. Hawakumjua.

Sasa hiyo ni aibu, maana huyo bwana ni mmoja wa wanamichezo wakubwa kabisa waliowahi kutoka Afrika Mashariki. Kwa hiyo leo ukurasa huu tumwachie yeye. Kijana na Starlet yake tutarudi kwao mwishoni.

Mtoto wa spana

Joginder Singh alizaliwa Februari 9, 1932, Kericho, kule kwenye mashamba ya chai ya magharibi mwa Kenya. Wazazi wake walikuwa Masikh wenye asili ya Punjab, India. Wazee wetu wa Pwani waliwaita watu wa jamii hiyo Makalasinga, na enzi zile karibu kila mji wa Afrika Mashariki ulikuwa na Kalasinga wake aliyejulikana kwa spana. Baba yake Joginder naye alikuwa mtu wa gereji, na mtoto akakulia humo humo, kwenye harufu ya grisi na petroli.

Kwa hiyo kabla hajawa dereva alikuwa fundi. Hili lishike vizuri, msomaji, maana maisha yake yote ya michezo yamesimama hapo. Hakuanza kwa kununuliwa gari la mbio na tajiri. Alianza kwa kulala chini ya magari ya watu.

Baadaye akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akiwa fundi wa doria. Kazi yake ilikuwa kuwafuata barabarani wanachama walioharibikiwa na kuwakwamua. Ukifanya kazi ya namna hiyo unajifunza jambo ambalo dukani hulipati. Gari haliachwi porini kwa sababu limekosa kitu cha kisasa. Linaachwa kwa sababu ya bomba la maji lililochakaa, nati iliyolegea, mafuta ya breki yaliyovuja kidogo kidogo mpaka yakaisha na mwenye gari hana habari.

Mashindano yenyewe yalikuwaje

Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, wapenzi wa magari waliokuwa Kenya walianzisha mbio za kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari, na baadaye zikabaki na jina tunalolijua, Safari Rally. Zilikuwa zinafanyika Pasaka, yaani msimu wa masika. Ni maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara za kawaida za vumbi ambazo mvua ikinyesha zinageuka uji.

Na hapa kwetu zilifika. Katika miaka ya 1960 njia yake iliingia pia milima ya Usambara, ile ile ambayo kijana wetu anataka kumpeleka mama yake. Fikiria milima hiyo kabla ya lami, usiku, udongo mwekundu umelowa, korongo liko upande mmoja.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Ukilinganisha na ligi yetu ya mpira, ni kama msimu unaanza na timu zote halafu wiki ya mwisho uwanjani imebaki moja na nusu. Ndiyo maana Safari haikuwa na maneno mengi kuhusu nani ana kasi zaidi. Swali lilikuwa nani atafika.

Joginder aliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1959, akiwa na miaka 27. Hakushinda. Aliendelea kuingia mwaka hadi mwaka, mara nyingi akiwa na mdogo mtu au ndugu wa karibu kwenye kiti cha pembeni, huku mchana akiendelea na kazi ya gereji.

Breki za enzi hizo

Hapa tusimame kidogo, tuelezane kuhusu breki, ili tujue jamaa alikuwa anaendesha nini.

Breki ya dramu, wengine wanaiita ngoma, ni kama sufuria iliyofunikwa inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake kuna breki shuu mbili. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukuma silinda ndogo, silinda inazitanua shuu, nazo zinausugua ukuta wa sufuria kwa ndani. Uzuri wake ni kwamba mzunguko wenyewe wa dramu unaivuta shuu ya mbele ijibane zaidi, hivyo unapata nguvu kubwa bila kukanyaga sana. Ubaya wake ni joto. Dramu imefunikwa, haipumui. Ukishuka mlima mrefu huku umekalia breki, inapata moto, inatanuka, inakimbia shuu, na pedali inazidi kwenda chini huku gari halipungui mwendo. Na ikiingia maji, mpaka ikauke ndipo ishike sawasawa.

Diski iko wazi. Kalipa inabana pedi mbili kwenye sahani, kama unavyobana karatasi kwa vidole viwili. Inapoa haraka, inajifuta maji yenyewe. Duniani ilijitangaza mwaka 1953, mwaka ule ule Safari ilipozaliwa, pale Jaguar ya diski iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Kuanzia hapo hakuna aliyebisha tena kwamba diski ni bora kwa gari la mbio.

Hivyo vijana wa Makorora hawakosei wanapoisifia diski. Kosa linaanza wanapodhani kwamba kitu bora, ukikifunga popote, kinakuwa bora hapo hapo.

Namba moja, mwaka 1965

Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake, Jaswant Singh, waliingia na Volvo PV544. Ni lile gari lenye mgongo wa mviringo, wazee wanalikumbuka. Na si jipya. Lilikuwa gari lililokwisha tumika kwenye timu ya kiwanda, wao wakalichukua kama mtumba na kulitengeneza wenyewe. Breki zake ni dramu, si nyuma tu, magurudumu yote manne.

Bahati nasibu ya kupanga namba ikawapa namba moja. Usidhani ni heshima. Wa kwanza kuondoka ndiye anayefungua njia. Hana alama za matairi ya mwenzake za kumwonyesha tope liko wapi na shimo liko wapi, na ng'ombe walio barabarani yeye ndiye anayewakuta. Mpaka mwaka huo hakuna gari lililowahi kuondoka na namba moja likashinda.

Wao wakaondoka wa kwanza na wakashinda. Ndugu wawili wa Kikenya, gari la mtumba, dramu nne, mbele ya timu zilizotumwa na viwanda. Ilikuwa pia mara ya kwanza kwa dereva asiye Mzungu kushinda mashindano hayo. Kenya ilikuwa na mwaka mmoja na ushee tangu uhuru, na unaweza kuwaza mwenyewe jinsi habari hiyo ilivyopokelewa mitaani Nairobi, Mombasa na hata huku kwetu. Tangu hapo jina la Simba likamganda.

Lakini aliwezaje na dramu nne kwenye milima ile? Hakuna uchawi. Dereva wa dramu alilazimika kuendesha kwa akili ya fundi. Anashuka kwa gia ndogo, injini ndiyo inayolizuia gari, breki anazigusa na kuachia ili zipumue. Akivuka mto anagusa breki kidogo kidogo huku anatembea, shuu zikauke. Kituo cha matengenezo kikifika, shuu zinarekebishwa zikae karibu na ukuta, mafuta yanaangaliwa. Mtu aliyekuwa anaamka asubuhi kutengeneza breki za wengine, hayo kwake yalikuwa kama kupiga mswaki.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka uliofuata, 1966, na tena 1967, Safari ilichukuliwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Dar es Salaam, wakiwa na Peugeot 404. Nao walikuwa watu wanaozijua barabara hizi na wanaolijua gari lao.

Mara ya pili na ya tatu

Kufika miaka ya 1970 mchezo ulikuwa umebadilika. Mwaka 1973 yalianzishwa mashindano ya dunia ya rally na Safari ikawa ndani yake. Viwanda vya Ulaya na Japan vikaja na fedha, ndege za kuongozea na mafundi kibao.

Mwaka 1974 Joginder, sasa ana miaka 42 na pembeni yake yuko David Doig, alikuja na kigari kidogo kutoka Japan ambacho wengi hawakukijali: Mitsubishi Colt Lancer 1600 GSR. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwepo Björn Waldegård wa Sweden kwenye Porsche Carrera RS, gari lenye diski magurudumu yote manne. Lancer ile, kama ilivyouzwa kwa watu wa kawaida, ilikuwa na diski mbele na dramu nyuma. Joginder akawa wa kwanza, Waldegård wa pili.

Sitasema diski ndizo zilizomwangusha Waldegård. Huo utakuwa uongo, na breki za Porsche zilikuwa nzuri sana. Ninachosema ni kwamba orodha ya vifaa haikuamua mshindi. Ushindi ule ulikuwa wa kwanza kwa Mitsubishi kwenye mashindano ya dunia, na aliyewapatia ni fundi wa Kericho.

Mwaka 1976 akarudia, akiwa na Doig yule yule na Lancer. Safari hiyo Mitsubishi ilifagia nafasi zote tatu za juu: Joginder wa kwanza, Robin Ulyate wa pili, Andrew Cowan wa tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alimpita kwa kushinda mara tano.

Lakini rekodi ninayoipenda mimi si ya kushinda. Kati ya mwaka 1959 na 1980 Joginder aliingia Safari 22. Akamaliza 19. Kwenye mashindano ambayo kuna mwaka magari 93 yanaondoka na 7 tu yanarudi, yeye karibu kila mara alirudi. Ukitaka kumjua alikuwa mtu wa namna gani, achana na makombe, tazama hiyo 19.

Kwa nini dramu bado iko nyuma

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Kwa nini hata leo magari mengi madogo yanatoka kiwandani na diski mbele, dramu nyuma? Ni ubahili? Kiasi, ndiyo, dramu ni rahisi kutengeneza na hendibreki inakaa humo bila taabu. Lakini kuna sababu nyingine.

Ukikanyaga breki, uzito wa gari unaegemea mbele. Umewahi kuona pua ya gari inavyoinama. Kwenye gari dogo lenye injini mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na ya mbele. Ukiyapa ya nyuma breki kali kupita uzito yaliyobeba, yanajifunga kabla ya ya mbele. Gurudumu la nyuma likijifunga, hasa kwenye kona au mvua, gari linageuza mkia. Hapo usukani haukusaidii kitu. Kiwanda kiliupima mgao huo, mbele kiasi gani, nyuma kiasi gani, na kuna valvu maalumu ya kuugawa. Valvu hiyo ilipimwa kwa dramu.

Kalipa nayo ina mahitaji yake. Haina ile tabia ya dramu ya kujibana yenyewe, kwa hiyo inataka presha zaidi. Mara nyingi inataka pia mafuta mengi zaidi kuliko silinda ndogo ya dramu, na masta silinda ya zamani inaweza isitosheleze. Pedali inashuka mbali ndipo inashika. Hendibreki ikikosa kalipa yenye waya wake, huna hendibreki. Rimu ndogo inaweza kugonga kalipa. Kwa hiyo anayebadilisha diski tu, hajabadilisha breki. Kabadilisha robo ya breki, robo tatu zimebaki zikimsubiri mlimani.

Je, haifai kabisa? Inafaa, kwa anayefanya kazi yote: masta silinda inayolingana, mgao wa presha uliopangwa upya, hendibreki, pedi zinazoendana na za mbele, halafu gari lijaribiwe mahali peupe pasipo watu kabla halijaingia barabarani. Wanaoshindana hufanya hivyo, na hufanya hivyo kwa wiki kadhaa, si kwa kuiwahi Jumamosi.

Mwisho wa Simba

Alipoacha mashindano, Joginder aliendelea kupendwa Kenya na nje, na majina yake, Simba na Singasinga Anayepaa, yaliendelea kutajwa kila Pasaka ilipofika. Miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza. Alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari nayo ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi 2021. Vijana wanaoitazama sasa kule Naivasha wanaona magari ambayo Joginder angehitaji siku nzima kuyafungua na kuyaelewa. Na nadhani siku hiyo angeitumia kwa furaha.

Pale chini ya mwarobaini, baada ya hadithi hiyo kusimuliwa kwa kifupi, kelele zilipungua. Fundi akachukua bisibisi, akaifungua dramu ya kushoto mbele ya wote. Ndani kulikuwa na jibu. Silinda ndogo ilikuwa inavuja, shuu zimelowa mafuta, upande mmoja haushiki kabisa. Ya kulia ilikuwa kavu lakini shuu zimeisha. Mafuta kwenye kikopo yalikuwa meusi kama kahawa, hakuna aliyekumbuka yalibadilishwa lini, na mafuta ya breki yakizeeka hunyonya unyevu. Yakipata moto yanachemka, na pedali inakuwa kama sponji. Pedi za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa, hakuna aliyekuwa amezitazama.

Yaani kijana alikuwa sahihi kwamba gari lake halina breki. Ila ugonjwa haukuwa dramu. Ugonjwa ulikuwa kutofunguliwa.

Kazi iliyofanyika ni silinda mbili mpya, shuu mpya, dramu zikapitishwa mashine, pedi za mbele, mafuta mapya na kutoa upepo gurudumu moja moja. Kijana akaambiwa akishuka Mombo ashuke kwa gia ile ambayo angepandia. Diski zake amezirudisha ndani ya gunia. Anasema akijaliwa fedha ya kufanya kazi nzima atazifunga mwakani.

Jumamosi anaondoka na mama yake alfajiri.